Kumfungia, kumchoma sindano au kumfundisha? Njia za familia za Lubumbashi kwa mtu mzima mwenye ulemavu wa akili

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alinishika mkono nje ya kanisa, akanivuta pembeni kama mtu anayetaka kukopa pesa. "Yaya," yaani dada mkubwa, "yule mdogo wako, mulimufanya nini alipoanza kupenda wanaume?" Binti yake ana miaka 24. Hajui kuhesabu noti, anaoga akikumbushwa, na wiki ile walimkuta nyuma ya choo cha parseli, yaani kiwanja cha nyumba yao, akikumbatiana na kijana anayeuza makala (makaa ya kupikia). Kijana alipigwa, binti akafungiwa chumbani. Sasa mama hakujua aendelee vipi: amfungie mpaka lini, amchome sindano ya kuzuia mimba, ampeleke akaombewe, au amwoze upesi kwa yeyote atakayemkubali.

Swali hilo nimeulizwa kwenye foleni ya maji, sokoni, hata kilioni. Nimeona afadhali nizipange njia hizo bega kwa bega, nionyeshe kila moja inatoa nini na inachukua nini. Mimi si daktari wala mwanasheria. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 29, mwenye ulemavu wa akili na kifafa, na tunaishi parseli moja tangu mama yetu alipofariki. Karibu njia zote hizi tumezipita, na nyingine tulizipita vibaya.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Anayesikia sauti usiku, au aliyevurugikiwa ghafla baada ya msiba, ni mgonjwa, na hapa mjini kuna kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Charité kinachohudumia wagonjwa wa namna hiyo. Ulemavu wa akili ni jinsi ubongo ulivyokua tangu utotoni. Hauna kidonge, na mfungo wa siku tatu hautaubadilisha. Kinachowezekana ni mtu kujifunza, polepole, kwa kurudia.

La pili ni ile kauli yetu ya kila siku: "Huyu ana akili ya mtoto wa miaka sita." Naichukia. Mtoto wa miaka sita hapati hedhi, wala haoni wivu wenzake wakiolewa. Binamu yetu alipoolewa, mdogo wangu alilia siku tatu, nasi tukadhani anaumwa jino. Tulimnunulia dawa ya meno.

Kipimo changu ni kimoja, nacho nimekipata kwa gharama. Kila njia naiuliza maswali mawili: akiguswa vibaya, atasema? Akimpenda mtu, atasema? Njia inayomwacha bila maneno naiweka chini, hata kama inaleta utulivu nyumbani.

Mlango na ufunguo

Hii ndiyo njia ya familia nyingi, na sitawacheka, kwa sababu nasi ndiyo tuliyoanza nayo. Inatoa usingizi kwa mzazi. Majirani wananyamaza. Haina gharama ya pesa, na katika mji ambao baba anaondoka alfajiri kwenda kutafuta na mama yuko sokoni mpaka jua litue, kufuli ni msaidizi asiyedai mshahara.

Tatizo lake ni kwamba imejengwa kwa ajili ya adui wa nje, ambaye mara nyingi siye anayedhuru. Wanaowadhulumu watu wenye ulemavu wa akili kwa sehemu kubwa ni watu wanaowafahamu: ndugu, jirani, mpangaji, mtu aliyepewa kazi ya kuwatunza. Hao hawapigi hodi getini. Wamo ndani, wanakula bukari (ugali) pamoja nasi. Ukimfungia dada yako asubuhi hadi jioni, umemfungia pamoja na nani? Jiulize hilo kabla ya kununua kufuli kubwa zaidi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mtu aliyefungiwa anaamuliwa kila kitu: nguo avae ipi, ale saa ngapi, akae wapi. Tunamsifu kwa utii. "Wetu hana matata, ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia njoo anakuja." Basi siku mtu mwingine atakapomwambia njoo, atakuja. Tumemzoeza miaka 20 kwamba mkubwa akisema jambo, jibu ni kutii, kisha tunashangaa kwamba hakukataa. Kukataa ni ufundi, na ufundi unaanza na mambo madogo: sitaki sombe (kisamvu) leo, sitaki kitenge hiki, sitaki kusalimiwa na huyu. Nyumba isiyokubali "sitaki" ya sombe haitapata "sitaki" ya jambo kubwa.

Na ajabu ni kwamba mlango huu unafungwa kwa wasichana tu. Mvulana mwenye ulemavu uleule anaachwa azurure, akishika sehemu zake barabarani watu wanacheka, wengine wanampa pombe ili wacheke zaidi. Siku akimkumbatia binti wa watu kwa nguvu, kicheko kinageuka mawe. Yeye naye hakufundishwa, kwa kuwa tulidhani mwanamume hadhuriki wala hadhuru.

Je, kuna wakati wa mlango? Upo. Wiki za kwanza baada ya jambo baya, wakati aliyelifanya bado yuko mtaani. Au usiku, kwa anayetembea akiwa usingizini. Lakini uwe na mwisho unaojulikana, na yeye mwenyewe aambiwe sababu.

Sindano ya siri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Mwaka wa kwanza baada ya mama kufariki, tantini (shangazi) yetu alimchukua mdogo wangu hadi kituo kimoja cha afya na kumwambia wanakwenda kuchomwa vitamini. Ilikuwa sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Mimi sikuambiwa. Yeye hakuulizwa. Muuguzi alizungumza na tantini juu ya kichwa chake kana kwamba anazungumzia gunia.

Sindano ile ina tabia inayojulikana: miezi ya mwanzo inaweza kuvuruga hedhi, damu ikatoka kidogo kidogo kwa siku nyingi, halafu kwa wengi ikakoma kabisa. Mwanamke aliyeelezwa anasubiri ipite. Mdogo wangu aliona damu isiyokwisha, akaamini anakufa kama mama. Hakumwambia mtu. Nilikuja kujua nilipoinua godoro kutafuta panya: vitambaa zaidi ya kumi vimekunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine, vikavu kama mbao.

Anayetetea njia hii atasema: angalau hakupata mimba. Ni kweli, sindano inafanya kazi yake. Lakini tuilinganishe na kile tunachokiogopa. Inazuia mimba, haizuii VVU, haizuii kisonono, haizuii mkono wa mtu. Na kuna jambo chungu zaidi: katika familia nyingi mimba ndiyo inayofichua kwamba binti anadhulumiwa. Ukiizuia mimba kwa siri bila kumpa maneno ya kusema, umemfanyia mhalifu kazi. Ataendelea miaka bila alama yoyote.

Kufunga kizazi bila ridhaa yake, ambako wengine wananong'ona kuwa ndiyo dawa ya moja kwa moja, silinganishi na chochote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kongo yetu ilijiunga nao mwaka 2015, katika kifungu cha 23 unasema watu wenye ulemavu wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Mwisho.

Uzazi wa mpango anaoujua

Dawa ileile, lakini yeye ndiye anayeamua. Miaka miwili baadaye tulirudi, kituo kingine, muuguzi mwingine. Huyu aliketi akimtazama yeye, akatoa vitu mezani kimoja kimoja, akamwachia avishike. Kila alichosema alikisema kwa sentensi fupi, kisha akamwomba arudie kwa maneno yake. Ilichukua karibu saa nzima, na tulirudi mara mbili.

Kwa anayechagua, mambo yenyewe yako hivi. Vidonge vya kila siku vinahitaji kumbukumbu au mtu wa kukumbusha. Akisahau siku mbili, kinga inapungua. Sindano inadumu miezi mitatu, haihitaji kukumbukwa kila siku, lakini ina ule mvurugo wa hedhi, inaweza kupunguza uimara wa mifupa ikitumiwa miaka mingi, na ukiiacha rutuba inaweza kukawia miezi kadhaa kurudi. Kijiti cha mkononi kinakaa miaka mitatu au mitano kufuatana na aina, nacho kinatolewa wakati wowote, ila mtu asiyeelewa kilichomo chini ya ngozi yake anaweza kukichokonoa. Kitanzi cha shaba kinaweza kukaa miaka kumi na zaidi, lakini kuwekwa kwake kunadai uchunguzi wa ndani, ambao kwa mwanamke aliyewahi kudhulumiwa unaweza kuwa mateso upya. Kondomu peke yake ndiyo inayokinga mimba na maambukizi kwa pamoja, nayo inahitaji mazoezi ya mikono, si maelezo tu. Ndizi inatosha kwa mazoezi, mradi uelezee vizuri kwamba ndizi ni mfano. Nimesikia ya mtu aliyeivalisha ndizi kila jioni akaiweka mezani, akidhani kazi imekwisha.

Jambo moja ambalo familia hazijui, na hata baadhi ya wahudumu hawaulizi: kifafa. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia, na kwetu wengi wanatumia fenobabitali, ile tunayoiita Gardenal. Dawa hiyo, kama ilivyo kwa kabamazepini na fenitoini, inaharakisha ini kuchakata homoni, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu na kijiti kinaweza kupungua nguvu pia. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi hivyo. Kitanzi na kondomu vivyo hivyo. Kwa hiyo ukienda kituoni, beba pakiti ya dawa za kifafa, uiweke mezani kabla ya kuongea lolote.

Mdogo wangu alishika kijiti, akakiangalia, akakisukuma. "Hii itabaki ndani? Hapana." Akagusa sindano. "Hii inaingia, inatoka." Akaichagua. Ni sindano ileile ya tantini, kwa mtu yuleyule. Safari hii damu ilipovurugika alikuja jikoni nikiwa nasonga bukari, akasema kwa sauti mbele ya wageni, "Yaya, ile sindano imeanza mambo yake." Niliona aibu kidogo. Halafu nikafurahi mpaka nikaunguza mkono.

Kumfundisha: nani, na wapi

Kuna viwanja vitatu: nyumbani, kanisani na kikundini, na kila kimoja kina upungufu wake.

Kanisani wanafundisha heshima ya ndoa na kujizuia, na kwa familia nyingi za hapa hilo ni msingi usioweza kurukwa. Sina ugomvi nalo. Ila mahubiri yanazungumza kwa mafumbo: tunda, bustani, hekalu la mwili. Mtu mwenye ulemavu wa akili anachukua neno kama lilivyo. Mmoja aliacha kula maembe. Ukitegemea kanisa, muombe padri au mchungaji aseme waziwazi, au wewe utafsiri nyumbani.

Kikundi, yaani kituo cha watu wenye ulemavu au chama cha wazazi, kina faida ambayo nyumba haina: wenzake. Anajifunza kungoja zamu, kuomba ruhusa ya kukaa karibu na mtu, kukataliwa bila kufa. Kabla ya kumpeleka, uliza mambo mawili. Je, mhudumu anabaki peke yake na mtu mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa? Je, mtu akilalamika, analalamika kwa nani, na huyo anayelalamikiwa si ndiye mkuu? Kituo kinachokasirika kwa maswali haya, geuza njia.

Nyumbani ni polepole, na ndiko kunakokaa. Nieleze tulivyofanya, kwa sababu "mfundishe" ni neno rahisi kulisema.

Tulianza na majina. Kwetu sehemu za siri zinaitwa "kule chini", na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwani mtu akimwambia daktari au polisi "alinigusa kule chini", anaweza kuwa anamaanisha mguu. Tulitumia maneno ya vitabu: uke, uume, matiti, matako. Yalitutoka kwa shida kuliko yalivyomtoka yeye. Kisha mahali: kuvua nguo ni chumbani au bafuni, kujigusa mwenyewe ni chumbani, mlango umefungwa, kisha kunawa mikono. Najua wapo watakaoruka hapo. Lakini kumpiga mtu mzima kwa kujigusa hakumwondolei mwili. Kunamfundisha kufanya mahali pa kujificha, ambapo ndipo hatari ilipo. Kumwelekeza mahali kunaisha kwa wiki chache.

Halafu tukaja kwenye vifuniko. Nilichora kwa kipande cha makala duara tano kwenye saruji ya uani, moja ndani ya nyingine, katikati nikamweka yeye: kifuniko chekundu. Vingine vilikuwa vifuniko vya chupa za bia ya Simba tulivyookota kwenye baa ya jirani. Kila kifuniko ni mtu. Duara la kwanza, wanaoweza kumkumbatia. La pili, salamu yetu ile ya kugusanisha vichwa. La tatu, mkono tu. La nne, kupunga. La tano, mtu asiyemjua: hapana chochote. Kabla ya hapo alikuwa akimkumbatia kila abiria kwenye taksi basi, na watu walimwona mzuri.

Nilitaja majina, yeye anaweka. Mimi, duara la kwanza. Watoto wangu, la kwanza. Tantini, la pili. Nilikaza midomo nisicheke. Fundi cherehani, la tatu. Nilipotaja jina la mtu mmoja wa mtaani, mtu mzima, anayetusaidia kuvuta maji, anayeitwa papa na kila mtu, alikishika kifuniko, akakigeuza, akasimama. Akakirusha juu ya ukuta. Kikalia kwenye bati la jirani.

"Huyu mi sipendi. Alinishika matiti ku maji."

Ilikuwa miezi minne imepita. Angekuwa na neno moja tu, "kule", au asingekuwa na duara la kuliweka, lingepita. Hayo ndiyo ninayoyamaanisha ninapouliza kama atasema.

Kikitokea kibaya: kwa wazee au hospitalini

Hapa pia familia zinachagua kati ya njia mbili, na mara nyingi kwa saa chache. Ya kwanza ni kukaa kwa wazee: mhalifu anatoa mbuzi, kitambaa, dola kadhaa, wanapeana mikono. Inaepusha maneno ya watu. Kwa kipimo changu ni mbaya kuliko zote, maana inamfundisha mwenye kudhulumiwa kwamba alisema na maneno yake yakauzwa.

Ya pili ina saa ndani yake. Ikiwa ni kubakwa, hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinaanza kabla ya hapo, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinaweza kutumika hadi siku tano, lakini nguvu yake inapungua kila siku. Asioge kwanza, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mwambie daktari akupe cheti cha uchunguzi. Kisha polisi au parketi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kumtendea mtu mwenye ulemavu kunazidisha adhabu. Mbuzi haifuti kosa hilo.

Muulize mara moja, kwa utulivu, kwa swali lililo wazi: "Ilikuwaje?" Usimuulize "Ni papa fulani, sivyo?" Wengi wao wanajibu ndiyo ili wakuridhishe, na mbele ya hakimu hiyo ndiyo itavunja kesi nzima.

Rafiki, mchumba, ndoa

Tukimaliza habari za hatari, wengi wanafunga daftari. Lakini mama wa Katuba aliuliza kuhusu kupenda.

Mdogo wangu ana rafiki. Anafagia uwanja wa kanisa, miaka 33, anaongea polepole kuliko yeye. Mwanzo tuliwaruhusu wakutane Jumapili kwenye benchi, mbele ya kila mtu, na chupa moja ya sukre (soda) kati yao. Tantini alitaka mtu akae katikati. Sasa wanaketi kwenye veranda yetu, mlango wazi, mimi niko jikoni, siwatazami. Ukilinganisha: ulinzi wa mtu katikati unazuia kila kitu, hata mazungumzo; kuwaacha kabisa bila kuwafundisha ni kuwatupa. Mlango ulio wazi ni hatua, na unaweza kufungwa baadaye, wote wawili wakiwa wamesema wanataka na wanajua kinachofuata, kondomu ikiwa ndani ya droo.

Tuliwapa pia kanuni ya zawadi, kwa sababu hapa kwetu zawadi inazungumza. Akikupa andazi, sema asante. Huna deni la kumpa mwili.

Kuhusu ndoa kuna milango mitatu kama kwa kila mtu: mahari kwa familia, ofisi ya komini (serikali ya mtaa), kanisa. Mahari inazungumzwa na wazee, na hapo hatari ni wazee kukubali na wahusika kukaa kimya. Komini inataka umri wa miaka 18 na kila mmoja akubali kwa kinywa chake mwenyewe; anayezuiwa ni yule ambaye mahakama imemtangaza hawezi kujiamulia mambo yake. Ulemavu wenyewe bila hukumu si kizuizi. Kanisani padri atawahoji kama wanaelewa wanachoahidi, na ni haki yake. Kumwoza haraka kwa mtu yeyote ili kufuta aibu, hata kama milango yote mitatu ikipitiwa, ni kumfungia tu, ufunguo ukiwa kwa mume.

Watu wanauliza watoto. Ulemavu wa akili una visababishi vingi: wengine walikosa pumzi wakati wa kuzaliwa, wengine waliugua malaria ya ubongo utotoni, na hivyo havirithiwi. Trisomia 21, inayoitwa pia Down syndrome, ni tofauti: mwanamke mwenye hali hiyo anaweza kushika mimba, na uwezekano wa mtoto kuwa nayo ni mkubwa; wanaume wengi wenye hali hiyo hawazalishi, ila si wote, kwa hiyo kinga bado inahitajika. Swali la nani atamlea mtoto ni halali. Waulizwe wao kwanza, kisha familia zijibu kwa ukweli, kwa kuwa hata mimi watoto wangu walilelewa na mama yangu miaka yao ya mwanzo, na hakuna aliyesema nisizae.

Kama ningekuwa wewe

Ukiwa na mtu mzima asiyeongea kabisa, anza na picha na ishara za "nataka" na "sitaki", na uchague kwa makini zaidi nani anamwogesha. Mwanamke aogeshwe na mwanamke. Ukiwa na mwana, anza na mahali pa faragha na ruhusa ya mwenzake, leo, kabla mtaa haujamfundisha. Ukiwa na binti mwenye kifafa, pakiti ya dawa mezani. Ukiwa umechoka na huna muda, chukua vifuniko na makala. Robo saa kwa wiki inatosha. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda watu wenye ulemavu iko upande wako ukikataliwa huduma mahali, na si vibaya kuitaja kwa sauti ya adabu.

Mama wa Katuba alikuja wiki iliyopita na binti yake. Tulichora duara. Binti aliweka kifuniko cha kijana wa makala katikati kabisa, juu ya chake. Mama akashika kichwa. Tuna kazi ndefu pale.

Walipoondoka, mdogo wangu aliketi akitazama duara zake mwenyewe, ambazo hatuzifuti. Kifuniko cha rafiki yake kiko la pili. Nilimuuliza kama tukisogeze ndani.

Alikiinua, akakipuliza vumbi, akakirudisha palepale.

"Bado," alisema. "Nitakuambia."